Kunguru Aliyeleta Mkate

Masomo: 1 Wafalme 17:1-9, Luka 12:22-24

 

Mwezi huu tunataka tutafakari pamoja habari za ndege mmoja ambaye kila mtu wa Kisenyi anamjua. Ni kunguru. Msicheke, wapendwa. Katika Injili ya Mathayo Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wawatazame ndege wa angani, lakini Luka anaandika kwamba alimtaja kunguru kwa jina. Aliwaambia wamtafakari huyo. Angeweza kumtaja njiwa, ndege wa hekaluni, au tai, ndege wa wafalme. Alimchagua yule ambaye watu humfukuza kwa mawe. Basi na sisi tutii, tumtafakari.

KUNGURU WETU NI NANI?

Kunguru wa Kampala ni mweusi, lakini kifua chake na shingo yake kwa nyuma ni vyeupe, kana kwamba amevaa fulana. Waganda humwita namung'oona. Wanao ukoo mzima wenye jina hilo, na mtaa wa Namungoona upo upande wa kaskazini-magharibi ya mji. Ndege huyu anaishi katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya jangwa la Sahara, hadi Rasi kule Afrika Kusini, na hata Madagaska na Komoro. Msitu mnene haupendi. Anapenda mahali palipo wazi, na zaidi ya yote anapenda mahali penye watu. Penye soko yupo, penye jalala yupo. Ndiyo maana tunamwona asubuhi na mapema upande wa soko la Owino na kando ya mfereji wa Nakivubo, akigombea mabaki pamoja na kaloli, yule ndege mkubwa mwenye upara.

Hujenga kiota chake kwa vijiti juu ya mti mrefu, na mti ukikosekana hujenga juu ya nguzo ya umeme. Ndani hutandika matambara, manyoya na chochote laini alichookota. Jike hutaga mayai kati ya matatu na sita, na huyaatamia karibu siku 18 au 19. Makinda yakitoka, baba na mama wote wawili huyalisha kwa wiki kadhaa mpaka yaweze kuruka.

Tena kunguru ana ndugu wengi duniani. Ukoo wake una kunguru wakubwa wa milimani na wa jangwani, na una ndege wa misituni wanaoitwa jei, ambao hapa kwetu hawapo. Tutarudi kwa mmoja wa hao jei, maana ana jambo la kutufundisha.

Waswahili wana methali mbili juu ya ndege huyu. Ya kwanza yasema kunguru hafugiki. Ya pili yasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hii ya pili inatuhusu sana. Tulipotoka kwetu, wako waliotuita waoga kwa sababu tulikimbia. Wapendwa, aliyekimbiza ubawa wake bado anao wa kurukia. Eliya naye alikimbia, na Mungu ndiye aliyemwambia akajifiche.

FUNZO LA KWANZA: ANAYEFICHA ALILETA

Mnaijua habari ya Eliya. Alimwambia mfalme Ahabu kwamba mvua haitanyesha. Kisha Mungu akamtuma ajifiche penye kijito cha Kerithi, mashariki ya Yordani. Nabii akawa mkimbizi. Hakuwa na shamba, hakuwa na mgao, hakuwa na jamaa wa kumpigia hodi. Mungu akawaagiza kunguru wamletee mkate na nyama asubuhi, na tena jioni.

Tumesoma habari hii mara nyingi, tukaona mwujiza uko katika ule mkate. Lakini mtu aliyemtafakari kunguru anaona jambo lingine. Kunguru ni ndege anayeficha. Akipata chakula kuliko anavyoweza kula, hukizika chini ya majani au udongo, au hukisukuma katika ufa wa mti, halafu anakumbuka mahali alipokiweka. Wataalamu wameona kwamba kunguru wakubwa wakitambua kuwa mwenzao anawatazama wanapoficha, hujisogeza nyuma ya kitu, au hurudi baadaye na kukihamisha. Anajua kuiba, kwa hiyo anaogopa kuibiwa.

Mtu atasema, mbona Yesu alisema kunguru hana ghala? Ni kweli, hana. Kipande alichozika ni cha kesho au kesho kutwa, kimezikwa mahali ambapo mvua na siafu wanaweza kukimaliza. Hajengi ghala, hafungi kufuli. Anaficha kidogo chake kama sisi tunavyofunga kidogo chetu katika pindo la kitenge.

Ndege huyo ndiye Mungu aliyemtuma. Nyama na mkate vikapita mdomoni mwa ndege mwenye tabia ya kuficha, vikamfikia mtu mwenye njaa. Na hali wakati ule nchi ilikuwa na ukame! Tunaamini kwamba mwujiza ulianzia hapo, katika tumbo lililokubali kungoja.

Tena Torati ilimhesabu kunguru kuwa najisi. Mnaweza kusoma Walawi 11:15. Nabii wa Bwana alipokea chakula kutoka katika mdomo ambao Torati ilimfundisha kuukataa. Hapa tuseme kwa uangalifu. Hatumwiti jirani yetu yeyote najisi, maana Petro alionywa jambo hilo katika Matendo 10. Tunachosema ni kwamba Mungu akitaka kumlisha mtu wake hatuombi sisi ruhusa ya kuchagua mkono. Wengi wetu usiku wa kwanza hapa Kisenyi hatukupewa chai na Mkristo. Tulipewa na Msomali mwenye duka, ambaye haabudu pamoja nasi, naye mwenyewe alikuwa amekimbia kwao. Hatukumwuliza dini yake. Tulikunywa, watoto wakalala.

FUNZO LA PILI: ASIYE NA KIOTA ALILISHA KIOTA

Sasa turudi kwa yule ndugu wa kunguru tuliyemtaja. Yuko jei wa rangi ya kahawia anayeishi Marekani ya Kati, tangu Meksiko mpaka Panama. Anakaa kando ya misitu ya joto, katika mashamba yenye miti ya kivuli, na mahali ambapo msitu umekatwa ikabaki miti hapa na pale. Hatembei peke yake. Wanakwenda kundi zima kwa kelele nyingi, wakila matunda, wadudu na mijusi. Kifuani ana kifuko kidogo cha hewa ambacho hutoa mlio kama kwikwi kila anapopiga kelele. Akimwona nyoka au mwewe, msitu mzima utajua.

Mwaka 1935 mtaalamu mmoja Mmarekani, jina lake Alexander Skutch, aliandika juu ya ndege hawa. Alikuwa amekaa akitazama viota vyao kwa uvumilivu. Alijua kwamba kinda wa jei huyu ana mdomo wa njano, na kwamba rangi hiyo hugeuka nyeusi polepole kadiri anavyokua. Kwa madoadoa ya njano na nyeusi aliweza kumtambua kila ndege, huyu na yule. Akagundua kwamba wanaoleta chakula kiotani si baba na mama peke yao. Walikuja wengine pia, na wengi wao walikuwa vijana ambao midomo yao haijawa myeusi. Hawakuwa na kiota chao. Walilisha makinda ambayo hawakuyazaa, na walisaidia kukilinda kile kiota. Skutch akawaita wasaidizi wa kiotani, na tangu hapo wataalamu wamewaona wasaidizi kama hao kwa ndege wa aina nyingi duniani, hata hapa Afrika.

Vijana wetu, neno hili ni lenu. Tunasikia mkisema: nikipata kazi nitasaidia, nikipata chumba changu nitamkaribisha mtu, nikipelekwa ng'ambo nitawatumia. Hatuwalaumu, maana sisi wazee tulisema hivyo hivyo tulipofika. Lakini yule ndege mchanga hakungoja mdomo wake uwe mweusi. Alichukua mdudu mmoja akampelekea kinda. Kijana anayechota jerikani moja ya maji kwa ajili ya mama aliyefika jana, au anayemsindikiza mgeni asiyejua Kiganda mpaka mahali pa kuandikishwa, huyo ameshaanza huduma.

FUNZO LA TATU: KINDA LA MGENI

Tumeliacha mwisho funzo lililo gumu.

Kuna ndege aitwaye kekeo. Yako makekeo ya aina nyingi, na mengi yao hayajengi kiota. Jike hungoja wenye kiota waondoke kidogo, akataga yai lake kati ya mayai yao. Kekeo mmoja mkubwa mwenye madoa meupe mgongoni huwatagia kunguru. Huku Afrika kunguru wetu huyu mwenye kifua cheupe ni mmoja wa wale wanaotagiwa sana. Kunguru hulea kinda lisilo lake pamoja na yake. Makinda ya makekeo mengine huwasukuma wenzao nje ya kiota wakafa. La huyu haliwasukumi. Wanakaa pamoja na kulishwa pamoja.

Je, kuna hasara? Iko. Chakula cha watatu kinaliwa na wanne. Kiota chenye mgeni mara nyingi hurusha makinda machache ya kunguru kuliko ambayo kingerusha kama mambo yote yangekuwa salama. Hatutaki kuwadanganya, wapendwa. Kumlea mgeni kunagharimu.

Lakini sikieni. Mwaka 2014 wataalamu waliokuwa wamefuatilia viota vya kunguru weusi kaskazini ya Hispania kwa miaka mingi walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Viota vyenye kinda la kekeo viliharibiwa kabisa mara chache kuliko viota visivyo nalo. Wakajaribu kuhamisha makinda ya kekeo kutoka kiota hiki kwenda kingine, na usalama ukahama pamoja nayo. Sababu ni nini? Kinda la kekeo likikamatwa hutoa uowevu wenye harufu mbaya sana. Walipopaka uowevu ule juu ya nyama, paka waliikataa, na ndege wanaowinda waliikataa pia. Kwa hiyo adui akifika kiotani akamgusa mgeni, huenda akaondoka, na watoto wa mwenye nyumba wakapona. Mwaka wenye maadui wachache, kunguru hupata hasara kwa sababu ya mgeni. Mwaka wenye maadui wengi, anaweza kuokoka kwa sababu yake.

Kila mfano una mwisho wake. Kekeo anaingia kwa siri, na ndugu zetu wanaobisha hodi hawaji kwa siri. Wanakuja na karatasi zao za usajili mikononi, na watoto mgongoni. Lakini kunguru hakujua mgeni amebeba nini, na sisi pia hatujui.

NENO KWA KANISA LETU

Sasa tuseme kwa nini tumeandika haya yote.

Mnajua mambo ya mwaka 2025. Mwezi wa kwanza Goma ilitwaliwa, mwezi wa pili Bukavu, na watu wetu wakavuka mpaka tena. Uganda mwaka huo ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.9, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Na mwezi wa tano mwaka uo huo Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, uliacha kuwapa chakula wakimbizi karibu milioni moja waliokuwa wakipokea makambini. Watu waliohesabu siku za mgao kama mtu anavyohesabu shanga wakaambiwa jina lao halipo tena katika orodha. Ninyi wa Kyangwali na Nakivale hamhitaji kuelezwa, maana mlikuwa katika mstari.

Basi wengine walipanda gari wakaja Kampala. Sisi wa mjini tangu zamani tunajitegemea wenyewe, mgao hatupokei. Hata hivyo walikuja, kwa sababu hapa kuna soko, na kwa sababu waliambiwa kwamba nyuma ya kanisa letu kuna chumba.

Kile chumba mnakijua. Kilijengwa kuwa stoo ya viti. Kimelaza akina mama na watoto kwa zamu, na hakijawahi kukaa kitupu. Katika mkutano wa wazee uliopita lilitolewa wazo kwamba chumba kifungwe na kipangishwe, ili kanisa lipate kodi ya kulipia kiwanja. Aliyetoa wazo hilo si mtu mbaya. Ni mtumishi anayejua hesabu zetu, na hesabu zetu ni mbaya kweli. Makaa yamepanda bei, maji tunanunua, na mwenye kiwanja hataki maombi, anataka fedha.

Nasi tunaoandika haya tuungame mbele yenu: siku ile tulinyamaza. Tulitikisa kichwa kukubali. Tulirudi nyumbani tukifikiri tumefanya jambo la busara, na asubuhi yake tukasoma tena 1 Wafalme 17. Tukaona kwamba kijito cha Kerithi kilikauka. Kunguru hawakumlisha Eliya milele. Kijito kilipokauka, Mungu alimtuma Sarepta, nchi ya kigeni, kwa mjane aliyekuwa na konzi moja ya unga. Tulitazamia kwamba Mungu angemtuma kwa tajiri. Alimtuma kwa mwanamke aliyekuwa akiokota kuni za chakula chake cha mwisho.

Ndipo tulipoelewa kwamba tumekuwa tukijiuliza swali lisilo sahihi. Tulikuwa tukijiuliza kama tunacho cha kutosha. Kunguru hakuwa nacho cha kutosha. Mjane hakuwa nacho. Na kama yule Msomali mwenye duka angehesabu kwanza, watoto wetu wasingekunywa chai.

Kwa hiyo tunaleta neno hili kwenu, kanisa zima, ili tuamue pamoja. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, tutabaki kwa mkutano. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila nyumba ije na kikombe kimoja cha unga au maharage, na isiyo nacho ije hivyo hivyo. Pili, vijana watoe majina yao kwa zamu za maji na za kuwasindikiza wageni. Tatu, habari ya kodi ya kiwanja isemwe wazi mbele ya wote, hesabu isomwe, na kila mtu aseme anachoweza kubeba. Huenda tukahesabu tukakuta bado haitoshi. Hilo nalo tutaliomba na kulifanyia kazi pamoja. Lakini chumba kisifungwe na watu saba wakiwa wamekaa chumba kingine.

Kesho asubuhi ukisikia kunguru juu ya mabati, usimrushie jiwe haraka. Mtazame kwanza anabeba nini, na anampelekea nani. Ayubu 38 na Zaburi 147 zinasema kwamba makinda yake yakilia, Mungu husikia. Kama anasikia hayo, anasikia pia kilio cha mtoto aliyelala nyuma ya kanisa letu. Mara nyingi anapojibu kilio hicho, hutuma mtu mwenye kikombe.

Tuombe. Baba yetu, wewe uliyemlisha Eliya kwa mdomo wa ndege aliyedharauliwa, tusamehe kwa vipande tulivyozika ardhini wakati jirani ana njaa. Walinde waliobaki nyumbani, waliovuka mpaka jana, na walio kambini bila mgao. Wakumbuke majirani zetu waliotupokea kabla hatujajua majina yao. Tufundishe kuuachilia mkate ulio midomoni mwetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Bwana awabariki, nanyi ndugu wa makambini mtuandikie. Mkipata msafiri wa kuaminika, mpeni barua zenu, nasi tutazisoma kanisani.